Malkia wa Chekeche Sebuleni kwa Nyanya

Wiki jana nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja pale Nyamira, nikisubiri hati ya shamba, binti yangu akanitumia picha kwenye simu. Anasomea sanaa chuoni, na kila akifunzwa jambo lazima nami nifunzwe. Pichani alikuwa malkia wa Uingereza wa enzi za ukoo wa Tudor: gauni jeusi, kola nyeupe ya kukunjwakunjwa, shela, lulu mpaka kiunoni, na mkononi kashika chekeche. Binti akaeleza kuwa chekeche lile ni ishara. Hapo kale mwanamke mmoja alisingiziwa uzinzi, akachota maji kwa chekeche yasivuje hata tone, watu wakakubali kuwa hana hatia. Nilipiga ukelele, ndugu yangu, mpaka karani akaniinulia macho. Malkia yule nilimjua. Nimeishi naye.

Nyanya alimpata kwa mwalimu wetu wa darasa la nne, ambaye siku ya kuhamishwa alitugawia wanafunzi kurasa za kalenda kuukuu. Tulimbandika kwa uji mzito pale udongo wa ukuta ulipokuwa umebanduka. Jioni nikitoka shule, nikikaa kubambua maharagwe au kuchambua chinsaga, mboga ile yetu chungu, nyanya alikuwa na swali moja tu: "Leo umeona nini?" Ilinibidi nitaje kitu kipya kwenye picha. Siku moja niliona pete. Siku nyingine niliona tufe la dunia nyuma ya bega, lenye vimeli vidogo. Nikirudia la jana, aliniambia nina macho ya kuku mwenye usingizi. Chekeche lilinichukua karibu muhula mzima, maana liko chini, gizani mwa gauni. Siku hiyo nyanya alijipiga mapaja kwa kicheko. "Kumbe naye huchekecha unga wa wimbi!" Tangu hapo akawa anampa malkia habari za nyumbani akifagia.

Basi jirani yetu, mama aliyechuma majani chai pamoja na nyanya, alikuja kuomba chumvi. Akiwa mlangoni aliona mwanamke mwenye shela na shanga ndefu. Akaenda kuwaambia watu kanisani kwamba nyanya, shemasi wao, kabandika Maria na rozari ukutani. Sisi ni Wasabato, hatusali kwa sanamu wala rozari, na jambo hilo halikuwa dogo. Nyanya ndiye aliyeoka mkate usiotiwa chachu wa Meza ya Bwana, tangu mama yangu akiwa msichana, na Meza ilikuwa Sabato ya wiki iliyofuata. Wazee wa kanisa wakatuma habari kwamba wanakuja kuona kwa macho yao. Wakiamini kuwa ni Maria, mkate utaokwa na mwingine.

Mama yangu alimsihi nyanya aichane picha. Nyanya akakataa. "Nikiichana leo, watasema nimeficha." Lakini niliona sahani yake ikirudi jikoni ikiwa imejaa. Niliogopa sana, kwa sababu sikuwahi kumwona akiogopa.

Walikuja wazee watatu, wakaketi, wakaikodolea picha macho. Mmoja akauliza, "Shemasi, huyu ni nani?"

"Muulizeni mtoto," nyanya akasema. "Yeye ndiye humtazama."

Nikawaambia ni malkia wa Wazungu, wasogee karibu. Mkubwa wao akainuka, miwani ikakaribia kugusa karatasi. Nikamwonyesha kwamba shanga hazina msalaba, na kichwani hakuna mwangaza wa watakatifu. Nikashusha kidole mpaka mkononi mwa malkia. Mzee akainama zaidi, akatazama.

"Hili ni chekeche," akasema polepole. "Maria gani huyu wa kuchekecha unga?"

Wenzake waliangua kicheko. Mmoja akataka kujua kama malkia alikosa watumishi. Nyanya hakucheka. Alikaa kigodani, akalia waziwazi, akimshukuru Mungu kwa Ekegusii, lugha yetu, nami nikahisi kama nimetuliwa mtungi kichwani. Jioni hiyo alikula sahani mbili.

Nyumba ile haipo tena. Mvua ililaza ule ukuta malkia akiwa juu yake, na leo pana nyumba ya matofali yenye vigae na televisheni. Nyanya tulimzika zamani, na yule jirani pia. Picha nimeipata tena kwenye simu, lakini nafasi ya nyanya haijazibwa na mtu, hasa nikiikumbuka Sabato ile ya Meza.

Mkate ulikuwa wake, ungali na joto ndani ya kitambaa. Kabla ya kuula, kina mama hutoka nyuma ya kanisa kutawadhana miguu, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake, kila mmoja akimchagua mwenzake. Wote walikwisha kushikana wawili wawili, ila jirani yetu, aliyesimama peke yake kando ya ua, akijifanya anafunga kitambaa cha kichwa. Nyanya aliniita nilete maji. Akawapita rafiki zake na beseni mkononi, akapiga magoti mbele ya yule mama, ambaye alijifunika uso kwa leso.

Nyanya alishika mguu, akaugeuza taratibu, akautazama.

"Mama, kisigino kimepasuka hivi," akasema, "na wewe unaingia nacho kwenye majani chai bila kuniambia?"