Disketi Tupu ya Bwana Urbano

Chediel alikuwa mpima mizani wa kiwanda chetu cha mafuta ya alizeti, Singida mjini. Kompyuta alijifunza mwenyewe akiwa na miaka arobaini na tisa, akaandika programu ya foleni: aliyefika kwanza anapimiwa kwanza. Kabla ya hapo bibi wa Unyambwa aliyewahi getini alfajiri na magunia yake mawili alipitwa na malori ya Shelui, na wenye malori wakacheka. Programu ile iliwakata kicheko.

Kasoro ilikuwa moja, wala haikuwa yake. Chombo alichoandikia programu kilikuwa toleo la zamani. Ukitaka kuhifadhi faili kwenye disketi, kidirisha kilikuonyesha disketi, kikakubali, kisha kikaliweka faili kwenye folda uliyofungua mara ya mwisho. Dawa yake alinifundisha mimi, karani wa ofisi.

"Dada Redempta, fungua kwanza disketi yenyewe, ndipo uhifadhi."

Nilizoea, kama unavyozoea mlango ambao haufungi mpaka uuinue kidogo.

Mwaka 1997 kiwanda kikauzwa. Mwenye mali mpya akamleta Urbano awe mkuu wetu, kijana wa miaka thelathini asiyempa mtu shikamoo, na karatasi ya majina ya watakaopunguzwa. Nilimchukia siku ile ile na sijaacha. Alitaka programu ipelekwe makao makuu Dodoma, akaketi kwenye kompyuta mwenyewe, mimi pembeni yake.

"Mkuu, fungua kwanza disketi yenyewe," Chediel alisema akiwa mlangoni.

"Mzee, wewe ni mtu wa mizani. Utanifundisha mimi kuhifadhi faili?"

Akabonyeza. Taa ya disketi, inayowaka faili likiandikwa, haikuwaka hata kidogo. Niliona.

Siku ya tatu Dodoma wakapiga simu: disketi ni tupu. Urbano akatangaza kwamba Chediel ameiba programu ili waogope kumpunguza. Kupunguzwa ni balaa, lakini watu wanakuonea huruma. Ukifukuzwa kwa wizi, mji mzima hakuna atakayekupa kazi, na Chediel alikuwa na miaka ishirini na miwili pale.

"Faili liko humo humo kwenye kompyuta, folda ya foleni," alisema. Askari wa getini alikuwa amemshika mkono. "Muulizeni Redempta, alikuwepo."

Urbano akanigeukia. "Uliona nikikosea?"

Karatasi ya majina ilikuwa mezani, imekunjwa. Sikuweza kuona kama jina langu limo.

"Sikuwa naangalia, Mkuu," nikasema.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Kwetu mkuu ndiye asiyesikia, na guu likavunjika la mwingine. Chediel hakunitukana. Alichukua kofia yake, akarudi kwao Nduguti, na huko nasikia wapo wanaomwita mwizi hadi leo.

Urbano alipotoka niliifungua folda ya foleni. Faili lilikuwemo, limeandikwa saa ile ile aliyobonyeza. Nikaifunga, nikazima kompyuta.

Jina langu halikuwemo kwenye karatasi. Nilibaki miaka sita. Kwa kuwa programu ilihesabiwa imeibiwa, foleni ikarudi kuandikwa kwa mkono, malori ya Shelui yakarudi kupimiwa kwanza, na mkono ulioyaandika juu ya majina ya akina bibi wa Unyambwa ulikuwa wangu.