Hodi ya Tatu

Masharti ya watazamaji wa mashindano ya skuli tulisomewa Ijumaa moja uwanjani na mwalimu wetu wa michezo ya kuigiza, mtu mwembamba aliyeamini kwamba watu wa Unguja wanaweza kufundishwa kunyamaza. Atakayechelewa hafunguliwi mlango. Hakuna kula ukumbini, si njugu wala tambuu ya kutafuna. Hakuna kupanda jukwaani kumtunza mchezaji kama kwenye taarabu. Hakuna kupiga makofi kabla ya mgeni rasmi. Na kubwa kuliko yote, hakuna kumjibu mchezaji. Skuli ambayo watu wake watafungua vinywa itakatwa alama na majaji.

"Kila mtu akawaambie watu wa kwao," alisema, kisha akaniangalia mimi.

Haki yake. Bibi yangu, aliyenilea, mdomo wake ulikuwa unajulikana Ng'ambo nzima. Kwenye sinema za mchana za wanawake alimwonya mwanamke wa Kihindi wa kwenye filamu, kwa Kiswahili safi, asimwamini yule mwenye masharubu. Mwanamke hakusikia. Bibi alimnunia mpaka Idi.

Na skuli itakayoshinda ilikuwa inapelekwa Dar es Salaam kwa meli. Mimi maji sikuwahi kuvuka, hata ya kwenda Tumbatu. Lakini kichwani Dar es Salaam nilikuwa nshafika, nshapokewa bandarini, nshaombwa nirudie mchezo mara ya pili.

Kwa hiyo nilikwenda nyumbani nimeazimia kumwambia bibi asije. Nikamkuta anafukiza buibui lake udi, na kanga yake mpya kaniwekea kitandani, niivae jukwaani. Azma ikaniishia hapo hapo mlangoni. Nikamsomea masharti tu. Akasikiliza yote kwa adabu, akauliza moja: na tambuu pia? Nikamwambia na tambuu pia. Akasikitika kweli. Tambuu ndicho kitu pekee kilichokuwa kikimfunga mdomo, nao wameipiga marufuku.

Siku ya mashindano, baada ya alasiri, ukumbi ulijaa, na bibi kakaa safu za nyuma. Mgeni rasmi alichelewa, akafunguliwa mlango. Akakaa kiti cha mbele chenye mto, na mchezo wa skuli ya kwanza haujafika kati, usingizi ukamchukua. Ule mchezo ulipokwisha watu wote walikaa na viganja juu, wanamsubiri yeye aanze. Hakuanza. Wachezaji wakashuka jukwaani kimya kama watu wanaotoka kuzika.

Tukapanda sisi. Mimi nilikuwa mama mwenye nyumba, nachambua mchele. Shoga yangu wa darasani alikuwa wifi anayetoka shamba kuniletea habari kwamba mume wangu anaoa mke wa pili. Yeye anapiga hodi, mimi nasema karibu, na kisa kizima kinaanzia hapo.

Pazia likafunguliwa, nikainua macho. Tangu kuzaliwa sikuwahi kuona watu wengi vile wamekaa kimya vile. Hata kwenye hitima watu hunong'ona. Macho tu, na mbele yao mgeni rasmi kafumba yake.

"Hodi," akasema wifi yangu nyuma ya mlango wa mbao tuliouegemeza.

Nikachambua mchele.

"Hodi, wenyewe."

Nikafungua kinywa, hakikutoka kitu. Nikazidi kuchambua. Mchele ule haukuwa hata na chuya.

"Hodi," mara ya tatu, pole pole.

Sasa shoga yangu ni mtoto aliyelelewa. Kwao, kama kwetu, hodi ni tatu, ukikosa jibu unakwenda zako, huchungulii nyumba ya mtu. Nikamwona kwa pembeni anaokota kikapu chake cha muhogo, anageuka, anaondoka na kisa chetu na Dar es Salaam yangu.

"Karibu, mwanangu!" ilitoka sauti safu za nyuma. "Pita, wenyewe wamo, huyo aliyekaa kapumbaa tu!"

Mgeni rasmi akazinduka. "Naam?" akasema, akadhani ameitwa kuhutubia, akasimama.

Ukumbi ukapasuka. Wanawake wakapiga vigelegele, mwalimu wetu akajifunika uso kwa karatasi ya masharti, na mimi nikacheka mpaka sauti ikanirudia. Wifi akarudi, akapita, akanipa habari ya mke mwenza, na nikalia vizuri kuliko siku yoyote ya mazoezi. Kila nilipouliza nifanye nini nilijibiwa na nusu ya ukumbi.

Tulikatwa alama, tukawa wa pili. Walioshinda ni wale wa mwanzo, walioigiza mbele ya mtu aliyelala.

Karibu na nyumbani bibi akaniuliza kama angelinyamaza mimi ningelikwenda Dar es Salaam. Nikamwambia angelinyamaza wifi angelikwenda zake, na mimi mpaka sasa ningelikuwa nachambua mchele.

"Mtu kapiga hodi tatu, nyumba ina watu," akasema. "Hao majaji kwao hawatembelewi?"

Tukafika mlangoni petu. Nyumba tupu, ufunguo anao mwenyewe mkononi, lakini akasimama kizingitini akaita hodi, akangoja.

"Karibu!" nikajibu nyuma yake, kwa sauti iliyomtoa jirani dirishani.

Bibi akafungua mlango, akapachika tambuu yake shavuni. "Haya," akasema, "sauti kumbe unayo."