Wawira Alipoanza Kuwa Mweupe

Mvua ya kwanza ikigonga mchanga wa Gachoka, ile harufu ikitoka, mimi namuona tu dadangu Wawira. Amechuchumaa nyuma ya jikoni, anabandua udongo kwa ukuta na kuutafuna polepole kama biskuti. Yeye alikuwa fom mbili, mimi darasa la tatu.

"Onja, ni tamu."

Nikaonja, nikatema. Alicheka mpaka akashika ukuta apumue.

Wacha niseme haraka kabla nishindwe. Huo mwaka Wawira alianza kuwa mweupe. Sisi kwetu ni weusi wa jua ya Mbeere, kwa hivyo kila mtu aliona. Siku ya soko, Mama Njeru mwenye aliuza nyanya kando ya mami, mama yetu, alimshika kidevu.

"Haiya! Wawira, unajipaka nini? Umekuwa rangi ya noti ya thao!"

"Ni maji tu, mama."

"Maji gani? Niletee hata mimi, mzee wangu anitambue!"

Wanawake wote wakacheka. Mami alifurahi sana, akamnunulia hereni. Tukirudi nyumbani Wawira alikuwa anakaa chini kila mahali kuna kivuli, na mami anamtania, "Urembo imekuletea uvivu, eeh?"

Karibu kila asubuhi kabla watu waamke alikuwa anafua vitambaa peke yake, halafu anavianika chini ya nguo zingine. Nilidhani ni usafi. Kwetu hakuna mtu alikuwa anaongea mambo ya hedhi, hata mami.

Siku alianguka akichota maji, tulimkimbiza zahanati na pikipiki. Nesi alimvuta kope ya chini, akaangalia ndani. Akafungua viganja vyake. Vilikuwa vyeupe kama karatasi.

"Mama, huyu mtoto hana damu kabisa. Anatoka damu tangu lini?"

Mami alimwangalia kama hajasikia. "Lakini amekuwa akipendeza," akasema.

Gari ya kumpeleka Embu akaongezwe damu ilikuja, ndio. Wawira hakufika hai.

Nikiwa fom tatu ndio mwalimu alitufundisha ati hedhi ikizidi hivyo ni ugonjwa, inamaliza damu mpaka mtu anatamani udongo, na dawa iko. Nilitoka darasani bila ruhusa, nikaenda kulia chooni. Watu hudhani mtoto kama huyo alikosa wa kumwangalia. Jamani, sote tulikuwa tunamwangalia, kila siku, kwa mapenzi kabisa. Na tukamsifu.