Meli Isiyonasa Sumaku

Nozibele alipopanda ile meli mara ya kwanza, alikuwa amekwisha kutolewa katika nyumba mbili: ya baba yake, kwa kuwa aliolewa, na ya mumewe, kwa kuwa mume alimleta mwingine. Alitaka kazi ya kufagia tu. Lakini Tata Jantjies, baharia mstaafu aliyeitunza meli ile ya makumbusho hapo gatini eMonti, mji wa bandari wa Afrika Kusini, hakumpa ufagio. Alimpa sumaku.

"Haya, MaBhele," alimwita kwa jina la ukoo wake, "tembea nayo. Ikinasa mahali, niite."

Akatembea. Akaibandika ukutani, kwenye misumari, kwenye vitasa, kwenye ngazi. Haikunasa. Meli ya vita, ndefu kama nyumba nane za mtaani kwao Mdantsane zilizopangwa mstari, na sumaku ikateleza juu yake kama juu ya kioo! Ilikuwa mbao za mkangazi zilizolaliana tabaka mbili, na shaba. Enzi zake ilitegua mabomu ya baharini, yale yanayonusa chuma. Basi ikajengwa ipite juu ya kifo na kifo kisijue kama kuna aliyepita.

Nozibele alisimama, mkono kifuani. "Tata, hii wameitengeneza watu?"

"Watu. Tena walikuwa na haraka."

Siku hiyohiyo mzee alimwonyesha adui. Hakuwa bahari. "Bahari inaikausha kwa chumvi kama nyama, haiozi. Adui ni mvua. Maji matamu yakipenya kwenye maungio, ubao unaoza kwa ndani huku kwa nje unang'aa. Ukiuona umeoza, ujue umeshachelewa." Kwa hiyo kila alfajiri walifunga kamba kwenye ndoo, wakateka baharini, wakaosha sitaha kutoka omo, mbele, mpaka tezi, nyuma. Kwa miaka sita Nozibele hakuzoea. Kila ndoo aliyomwaga, alihisi anakinywesha kitu kikubwa kisichoomba.

Tata Jantjies akafariki. Akaja mkurugenzi mpya, Bwana Tyali, kijana wa vyeti vingi na viatu vyeusi. Chumvi iliacha madoa meupe kwenye viatu vyake, na kwenye magauni ya maharusi waliokuja kupigwa picha. Akaleta mpira wa maji ya bomba.

"Kuanzia leo tunaosha kwa maji safi, mama."

"Mwanangu, maji hayo yataiua."

"Shule gani ilikufundisha hayo?"

Nozibele hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Omo, walikopita wageni, akaosha kwa bomba kama alivyoagizwa. Lakini tezi, kwenye magurudumu ya kuvutia nyaya za kutegulia mabomu, ambako hapiti mtu, aliendelea na ndoo yake kila kunapopambazuka, akiisalimu meli kwa sauti ndogo kama mzee alivyokuwa akifanya.

Zolani, mlinzi wa lango, akamwona. Na kwao maji ya bahari hayatekwi bure. Watu hutoka bara kwa mabasi kila mwisho wa mwaka, hujaza chupa, huenda kunyunyizia nyumba kuondoa mikosi. Mwanamke peke yake, alfajiri, anamwaga maji ya bahari na kunong'ona? Zolani hakuhitaji zaidi.

Wakamweka kitako ofisini.

"Unamroga nani, mama?" Bwana Tyali aliuliza.

"Naosha meli."

"Unaosha au unaizindika?" Zolani akadakia. "Nilikusikia, MaBhele! Ulikuwa unaongea na wafu!"

"Nilikuwa nasema habari za asubuhi. Wewe hujawahi kunisalimu hata siku moja, salamu utaijulia wapi?"

Akasomewa barua ya onyo asiyoweza kuisoma. Ndoo ikatupwa majini. Akapelekwa kusafisha vyoo vya langoni, na kila mgeni aliyeingia chooni alimtazama mikono, kwa kuwa Zolani alikwisha kusimulia. Mwaka na nusu ukapita, na tezi, wasikofika wageni, hakuna aliyeiosha kwa bomba.

Ndipo akaja mkaguzi, mzee Pienaar, fundi wa meli za mbao. Habari ilikuwa moja mjini: akisema imeoza, itakokotwa nje ikazamishwe. Nozibele alikuwa akipiga deki chooni. Kupitia dirishani alimwona mzee akichoma ubao wa omo kwa bisibisi. Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, kama kwenye mkate. Akachoma tena. Ikazama. Akafungua daftari, na Bwana Tyali akainamisha kichwa.

Nozibele alitupa tambara la deki. Akapita mbele ya Zolani bila neno, akapanda ngazi ya meli, mikono yake ikichuruzika maji.

"Bwana, usiandike. Hujafika nyuma."

"Mama, rudi kazini!" Bwana Tyali alifoka.

"Hii ndiyo kazi yangu. Njoo, bwana."

Pienaar akamfuata. Akapiga magoti tezi, akachoma. Bisibisi ikadunda. Akaweka uzito wote wa mwili, ikateleza na kumkwaruza kidole. Akauchoma ubao mahali kumi, na mara zote kumi ubao ulikataa. Akanusa kidole chake, akalamba.

"Chumvi," alisema taratibu. "Nani aliiosha huku?"

Nozibele alitazama mikono yake.

"Mchawi," akajibu mwenyewe.

Mzee yule alivua kofia. Hakumvulia yeye, aliivulia meli, kisha akakumbuka, akamgeukia na yeye pia, kofia ikiwa bado mkononi. "Omo itang'olewa mbao na kuwekwa nyingine. Lakini meli hii haizamishwi na mtu."

Zolani alitazama viatu vyake. Bwana Tyali akakohoa. "MaBhele... kesho tuendelee na maji ya bahari."

Samahani haikutoka, na Nozibele hakuisubiri, angesubiri za watu wangapi? "Ndoo yangu mliitupa nyinyi," alisema. "Nileteeni nyingine. Kamba ninayo."

Walipoondoka alipiga magoti, akaweka sikio kwenye ubao. Chini kabisa, bahari ilikuwa ikigonga polepole.

"Habari za mchana," akaiambia. Kwa sauti kubwa.