Marahaba Iliyochelewa

Juzi nilikuwa kwenye duka la dawa za mifugo hapa Lushoto, nangoja dawa ya kuku wangu. Akaingia kijana mrefu pamoja na bibi mmoja aliyevaa sweta juu ya kanga.

Kijana akainama kidogo. "Shikamoo, mzee. Naomba dawa ya minyoo ya ng'ombe."

Mwenye duka hakuitikia. Aliiweka chupa juu ya kaunta, akamwangalia vizuri, kisha akaivuta tena kwake. "Si wewe uliyefungwa kwa wizi wa ng'ombe?"

Kijana akatazama viatu vyake. Aliyejibu ni bibi.

"Ndiye. Na ng'ombe mwenyewe alikuwa wangu."

"Na hii dawa ni ya ng'ombe wa nani?"

"Wangu pia. Nimempa anifugie."

Huku milimani hilo si geni. Unampa mtu ng'ombe akufugie, maziwa anakunywa yeye, na baadaye anapata ndama wake. Ila huwa tunampa mtu tunayemwamini.

"Bibi, huogopi?" mwenye duka akauliza.

"Niogope nini? Safari hii ng'ombe akipotea, najua pa kuanzia kutafuta."

Kijana ndiye aliyecheka kwanza. Sisi tukafuata.

Wengi tunasema mtu akitoka gerezani abadilike kwanza, ndipo tumkaribishe. Abadilikie wapi, hatusemi. Bibi kampa zizi.

Mzee akaichukua ile chupa, akampita bibi, akaiweka mkononi mwa kijana.

"Marahaba, mwanangu," akasema.