Nyuzi Moja na Nusu

Mama Vifaranga hakumwamini mtu yeyote anayefanya kazi bure. Kwa hiyo fundi aliposema ametumwa na duka lililomuuzia mashine ya kutotolesha mayai, aje kubadilisha programu yake bila malipo, alimwacha asimame mlangoni kwanza, akamkagua kuanzia viatu hadi mvi.

"Bure kwa nini?"

"Programu ya zamani ina kasoro, mama. Tunawazungukia wateja wote."

"Miaka miwili mmelala, leo ndiyo mmeamka?"

Bahati ya fundi, mashine haikuwa na mayai, ilikuwa inapashwa moto tu kwa ajili ya mayai ya kesho. Ingekuwa na yai hata moja, asingevuka kizingiti. Ilikuwa kabati kubwa la mbao lililokijaza chumba cha nyuma, na ubavuni kisanduku cha plastiki. Ndani ya kisanduku mlikuwa na kompyuta ya bamba moja, ukubwa wake kama kitambulisho. Hiyo ndiyo iliyopima joto, ikawasha na kuzima hita, ikageuza trei.

Tangu kabati hilo liingie ndani, mambo yalimwendea mrama. Zamani, kwa taa na kwa jicho lake mwenyewe, katika mayai mia alipata vifaranga themanini. Sasa alipata arobaini, yaliyobaki yote viza. Lakini mashine ilikuwa mpya, ina kioo, inang'aa, nani angeishuku? Akamshuku wifi yake, dada wa mumewe, ambaye walifanya naye kazi pamoja miaka sita kama pete na kidole. Kwanza alidhani anafungua mlango wa kabati ovyo, akautia alama ya chaki. Alama haikuguswa. Mama Vifaranga akaona hiyo ndiyo dalili ya ujanja mkubwa zaidi. Mwisho akaamua kwamba wifi anaiba mayai mazuri na kuweka mabovu, akamtangaza kwenye foleni ya bomba, mtaa mzima ukisikiliza: "Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi changu nimekikamata!" Wifi alisema hajachukua hata yai moja, akaiacha ndoo yake pale pale, akaondoka. Vifaranga hawakuongezeka. Mama Vifaranga akabadilisha kufuli.

Na huyu fundi je? Mtaa aliosema anakaa ndio huo huo aliohamia wifi. Basi ametumwa, akajiambia, hapo hapana swali.

Fundi alichomeka flashi, akabonyeza vitufe, mstari mwembamba ukaanza kutambaa kwenye kioo. "Sasa mtu asiguse waya, mama. Ikikatizwa katikati, imekufa."

"Kumbe unajua jinsi ya kuiua."

"Hata daktari anajua kinachoua, mama."

Mama Vifaranga alivuta kigoda, akaketi kati ya fundi na swichi ya ukutani, macho kwenye mikono yake. Mstari ukafika mwisho. Kioo kikazima, kikawaka tena. Dakika chache kabla kilisema nyuzi thelathini na saba na nusu, kama kilivyosema siku zote. Sasa kilisema thelathini na tisa.

"Umeiharibu!" Aliruka kigoda kikaanguka. "Nilijua tu! Nani kakutuma?"

"Joto ni lile lile, mama. Ilikuwa inalisoma chini. Hiyo ndiyo kasoro yenyewe."

Fundi akatoa kipimajoto mfukoni. Mama Vifaranga alikikataa. Alimtoa fundi nje, akafunga mlango, akaenda mwenyewe kuazima kingine kwa nesi jirani. Akarudi nacho amekikumbatia kifuani, akamwingiza fundi tena, akakiweka ndani ya kabati kwa mkono wake, akamwamuru fundi ageukie ukutani. Wakasubiri. Kikasoma thelathini na tisa kamili.

"Mayai yalikuwa yanaiva polepole," fundi alisema, bado amegeukia ukuta. "Hayo arobaini yalikuwa na roho ngumu tu."

Mama Vifaranga alitafuta mtu wa kumshuku. Akampitia fundi, akampitia nesi, akalipitia duka. Hakuna aliyemtosha.

Mchana huo huo alikwenda kwenye nyumba ya wageni alikofanya kazi wifi siku hizi. Alimkuta uani na wafuaji wenzake sita, amezungukwa na mabeseni ya mashuka. Akasogea karibu, akainama sikioni mwake.

"Wifi, ilikuwa mashine. Ilikuwa inadanganya joto."

Wifi aliendelea kukamua shuka. "Mashine haikuniita mwizi."

"Nisamehe, wifi yangu."

"Mbona unanong'ona? Siku ile bombani hukunong'ona."

Mama Vifaranga alitamani arudi nyumbani ajifungie na kufuli lake jipya. Lakini aligeuka, akawakabili wale wanawake, akasema kwa sauti yake ile ile ya bombani kwamba huyu ni wifi yake, hajawahi kuiba hata yai moja, na mwongo ni yeye aliyemsingizia. Alipomaliza, machozi yakamtoka mbele ya watu asiowajua.

Wifi alimwacha alie. Alitundika shuka, akalinyoosha pembe zote, kisha akafuta mikono kwenye kanga yake.

"Na sasa hivi," aliuliza, "joto umeliweka ngapi?"