Stesheni ya Mama, Ibra

Dari ya nyumba yetu ya zamani hapa Ibra ilikuwa ikidondosha udongo sahanini, na mama yangu alikuwa akifunika chakula kwa kawa na kuendelea kukaa. Hahami. Nyumba mpya tuliyomjengea, yenye kiyoyozi kila chumba, aliiita friji. Siku moja, kwa kunichoka, akatoa sharti: atahamia ikiwa uso wa nyumba utafanana na jengo la kampuni ya reli la mji wa bara alikozaliwa, mbali kuvuka bahari, lile walilolijenga Waingereza enzi za Malkia Viktoria. Duka la baba yake lilikuwa ng'ambo ya barabara.

Mimi mtu wa soko. Nauza nguo na ubani kwenye soko la wanawake la Jumatano, na sijapata kukubali bei ya kwanza ya kitu chochote, mahari yangu ikiwemo. Nikaona sharti hili nitalipunguza.

"Matao matatu yatosha, mama?"

"Matano."

"Na nguzo?"

"Za chuma cha kusubu, zenye majani juu kichwani. Na paa jekundu la mwinuko. Na ukingoni mwa paa mbao zilizotobolewa kama lesi. Na saa."

"Iwe inakwenda?"

"Haikuwa ikikwenda hata wakati ule."

Nafuu niliyoipata ni hiyo tu.

Fundi wetu, kijana mzaliwa wa hapahapa, aliitazama picha ya zamani niliyompa akakuna kichwa. "Khala," akaniita kama mama yake mdogo, "paa hili ni la mvua. Ibra mvua ikija watu wanapiga picha."

"Basi watapata na paa la kupiga picha."

Lesi ya mbao niliichongesha Nizwa, kwa seremala wa milango aliyedhani nafungua duka la halwa. Nilipohesabu vipande, kimoja kilipungua. Akasema nimekosea. Nikahesabu tena mbele yake, polepole, mpaka akakikumbuka.

Paa lilipopanda, majirani wakawa wananiuliza kwa mzaha treni ya kwenda Sur inaondoka saa ngapi, na reli hapa hatuna. Nikawa nawajibu kuwa imechelewa.

Mwishowe, Jumatano moja, nikafunga meza mapema nikamleta mama. Akashuka garini na bakora yake, akatazama.

"Silo hili."

"Matao matano, mama. Nimehesabu mara mbili."

"Ni dogo. Lile nilikuwa nikilitazama mpaka mtandio unaanguka. Nirudishe kwangu."

Nikamwambia tutainua paa. Nikamwambia tutaongeza tao la sita. Maisha yangu yote sijawahi kupandisha bei dhidi ya nafsi yangu, na yeye alikuwa keshaligeukia gari.

Kilichoniokoa ni umbea. Wenzangu wa sokoni walikuwa wamekwisha kufika kuiona hiyo stesheni, na birika la kahawa mkononi, na kahawa ya wageni haikimbiwi. Wakatandika mkeka barazani, chini ya matao.

"Kikombe kimoja," mama akasema, "halafu naondoka."

Akakaa chini, akanyoosha miguu, akachukua tende. Akainua macho. Akaifuata nguzo kutoka sakafuni mpaka majani yake, kisha tao, kisha ile lesi ya Nizwa, jua likipenya matundu na kummwagia vitone vya mwanga usoni. Alikuwa ameegemeza kichwa nyuma kabisa. Mtandio ukamwangukia mabegani, asiuokote.

"Tulikuwa tukikaa chini hivihivi," akasema, "watoto wote, kumngoja baba afunge duka."

"Basi ndilo?"

"Ukikaa, ndilo. Ukisimama, umeibiwa."

Wenzangu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Tangu siku ile kiti hakiingii barazani kwetu. Hata meneja wa benki alipokuja alivua viatu akakaa mkekani.

Mama alikunywa kikombe cha pili, na cha tatu. Kisha akaniambia nikamletee kawa lake kutoka nyumba ya zamani.